Ugwe Mmoja, Watu Watano

Mwanamke yule alinyoosha mkono wa kushoto huku amegeuza uso pembeni, kama mtu anayesubiri sindano.

"Fanya haraka, fundi, kabla sijabadili mawazo," alisema.

Fundi Lutego alichovya kibano kwenye chupa, akavuta ugwe mweupe, mwembamba kuliko unywele, akaukata vipande viwili. Kimoja alimzungushia mwanamke kwenye kifundo cha mkono. Cha pili alimzungushia mumewe, aliyekuwa amesimama ng'ambo ya ukuta wa mwanga uliowatenga washtakiwa, ndevu zimemwota ovyo, viatu hana. Vipande vyote viwili vilijikunja, vikatafuta ngozi, vikazama. Ukabaki mstari mweupe tu, kama kovu la zamani.

Mwanamke akajishika kifua.

"Ana njaa," alisema. Kisha akapaza sauti, "Jamani, huyu mtu ana njaa! Hamjampa kitu tangu mmchukue?" Hakungoja jibu. Alikuwa akimtazama mumewe kana kwamba ndiyo kwanza anatambulishwa kwake. "Halafu unaogopa, Baba Neema. Miaka yote hii unatufokea pale nyumbani, kumbe ndani uko hivi?"

Mume akainamisha kichwa. Machozi yakamtoka mke. Sikujua ni ya nani kati yao, na nadhani hata yeye mwenyewe hakujua.

"Dhamana imekubaliwa," nilisema. "Nendeni nyumbani mkale."

Naitwa Leokadia Kihwele, na wakati huo nilikuwa hakimu wa dhamana wa jiji la Mtitu. Nilikuwa nimeshuhudia watu wengi wakifungwa ugwe, lakini dakika ile haikuwahi kunizoeleka. Zamani, kama walivyotusimulia wazee, mtu alidhaminiwa kwa hati ya nyumba au barua ya mwenyekiti wa mtaa, na mdhamini akishatoka mahakamani alikuwa hana habari tena na mtu wake. Kisha wataalamu wa misitu wakagundua uyoga unaoishi kwenye mizizi ya mipaina kule milimani juu ya jiji letu. Ukikata uzi wake, yaani ugwe, vipande viwili, vipande hivyo vinaendelea kujuana, hata kimoja kikiwa Mtitu na kingine ng'ambo ya bahari. Ukikichoma hiki, kile kinajikunja. Hakuna anayejua kwa nini. Niliwahi kumuuliza profesa mmoja, akaniambia, "Mheshimiwa, sisi nasi tunashangaa tu kama wewe, tofauti ni kwamba sisi tunalipwa kushangaa."

Sheria ikafuata nyuma. Anayetaka kumdhamini mtu avae kipande kimoja cha ugwe, mshtakiwa avae kingine. Mdhamini atahisi mapigo ya moyo wa mtu wake, pumzi yake, maumivu yake na hofu yake mpaka siku ya hukumu. Mawazo hapana, ugwe hausomi mawazo. Mshtakiwa akitoroka nje ya jiji, ugwe unanyauka, mkono wa mdhamini unakufa ganzi, na mdhamini anaingia mahabusu badala yake. Tena sheria ilisema wazi kwamba kinachopita kwenye ugwe hakiwi ushahidi kwa upande wowote, kwa sababu si haki mwili wa mtu kutumika kumsaliti. Nilikipenda sana kifungu hicho na nilikikariri.

Siku hiyo mahakama ilikuwa uwanja wa mpira, maana hakuna chumba kilichoweza kuwameza wale watu. Wiki moja kabla, genge linaloitwa Kucha lilivamia soko la chini, likachoma ghala moja lenye walinzi ndani. Jiji lilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuiona. Baraza la Jiji likaligeukia Sikio, yaani zile chembe za kusikia zilizopakwa pamoja na rangi kwenye kila nguzo ya taa na kila ukuta wa Mtitu, likaliuliza swali moja tu. Nani mwezi huu ametamka kuua? Sikio likajibu kabla mwenyekiti hajafunga kinywa. Kulipopambazuka, majani ya uwanja yalikuwa hayaonekani kwa watu, kuanzia goli hili hadi goli lile.

Nilipopanda jukwaani na kuwaona, nilisahau kukaa. Sijawahi kujihisi mdogo namna ile. Wauaji walikuwemo humo, sina shaka. Walikuwemo pia akina mama waliomwambia mtoto "leo nakuua" kwa sababu ya sufuria iliyoungua.

*

Kesi iliyofuata walisogezwa watu wanne kwa pamoja. Mbele alisimama Bibi Kandida Gama, muuza mboga, mwanamke mzee wa mwili mkubwa na magoti yanayomsumbua. Nyuma yake walikuwepo ndugu wawili wa ukoo wa Komba, wakata mbao. Wa mwisho alikuwa seremala mwembamba aitwaye Eginald Mbano, ambaye hakuinua macho. Wote walikuwa Wangoni, waliokuja Mtitu kufuata kazi za mbao.

"Mdhamini wao yuko wapi?" niliuliza.

"Hawana, Mheshimiwa," alijibu Mrutu, mwendesha mashtaka. "Ndugu zao wako Songea. Wenzao wa hapa mjini nao wamo humu humu uwanjani."

"Kwa hiyo mmemkamata mtu pamoja na wadhamini wake wote, halafu mnamlaumu kwa kukosa mdhamini."

"Mimi sijamlaumu mtu, Mheshimiwa. Naomba tusikilize sauti."

Mrutu hakuwa mtu mbaya. Naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu mimi nina ulimi mkali na naweza kumchora vibaya bila kukusudia. Mume wa dada yake alikuwa mmoja wa walinzi waliokufa ghalani, na pamoja na hayo alikuwa anakuja kazini kila asubuhi na tai yake, anaongea kwa upole.

Alibonyeza kifaa chake. Sauti ya mwanamke ikajaa uwanjani.

"Leo hatoki mtu hapa! Huyu mjane tunamchinja, na watoto wake mmoja mmoja! Wahehe, leo ndiyo mwisho wenu, tunawamaliza wote!"

Zikafuata sauti za wanaume wakishangilia, na mmoja akipiga kelele kwamba kaburi ni dogo, lichimbwe lingine. Halafu ikatoka sauti ya mwanamke mwingine, kali, ya karibu sana.

"Chinjeni basi! Panya wamewaishia mashimoni sasa mnahamia kwa watu?"

Nilicheka. Nilicheka mbele ya uwanja mzima, joho langu likiwa mabegani, nikashindwa kujizuia mpaka karani akanisogezea maji. Sauti ile ya mwisho ilikuwa yangu.

Kaburi lile lilikuwa la baba yangu, tuliyemzika Jumamosi iliyotangulia moto wa soko. Na wale wanne walikuwa watani zake. Msomaji wa Mtitu hahitaji kuelezwa, lakini kwa mwingine niseme kidogo. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali zamani za mababu, na walipochoka wakageuka kuwa watani. Tangu hapo Mhehe akifa, Mngoni anakuja msibani kuharibu. Anaigiza maradhi ya marehemu, anaziba njia ya jeneza, anaruka ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Anatukana wafiwa, anawaita wala mbwa, nao wanamwita mla panya, anawatishia kifo, na wafiwa wanacheka huku wanalia, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Bibi Kandida, kwa magoti yake yale, ndiye aliyelala kaburini kwa baba yangu. Ilibidi vijana wanne wamnyanyue. Baba angefurahi mno.

Waliotengeneza Sikio walikuwa watu makini. Walipita mtaa kwa mtaa wakilifundisha lugha zetu, matusi yetu, mafumbo yetu na mizaha yetu, wakituuliza watu tunaambiana nini tukitania. Tuliwajibu yote. Ila utani wa kabila na kabila hakuna aliyewatajia, kwa sababu kwetu huo si mzaha, ni undugu. Walipofika kwenye undugu wakauliza habari za damu na ndoa, tukawatajia damu na ndoa. Basi utani ukapita katikati, na Sikio likakua likijua kila kitu kasoro hilo.

"Mheshimiwa anacheka," alisema Mrutu taratibu. "Mimi Mpare, lakini nami nimeambiwa kuhusu utani. Ningewaachia wote asubuhi hii, isipokuwa kwa jambo moja."

Akabonyeza tena. Tukasikia moto unavyonguruma, mabati yakilia, na katikati yake mwanaume anayepiga kelele kwa sauti iliyokauka kabisa, maneno hayaeleweki.

"Hii ni soko la chini, usiku ule. Sikio lina uhakika kwamba mwenye sauti hii ni mmoja wa wanaume watatu waliokuwa kaburini. Lakini sauti imeharibika, haiwezi kusema ni yupi. Naomba wote wanne wabaki mahabusu mpaka kesi isikilizwe."

"Lini?"

Aliutazama uwanja, watu wote wale. Kwa foleni ile, hata mtoto aliyezaliwa siku hiyo angekuwa ameanza shule.

"Na Bibi Kandida? Naye ana sauti ya mwanaume?"

"Amepanga njama nao. Alitishia kuua, Mheshimiwa."

"Mimi nami nilitishia, Mrutu. Umenisikia. Mbona hamkuja kugonga kwangu?"

"Sauti ya hakimu, hata Sikio likiisikia, haliruhusiwi kuitaja. Wewe mwenyewe unaijua sheria hiyo."

Niliijua, ndiyo. Ila sikuwahi kuiona sura yake. Tulikuwa tumesimama kwenye kaburi moja, tukitukanana matusi ya aina moja, na tofauti yangu na yule bibi ilikuwa kitambaa cheusi mabegani. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

*

Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kujitoa kwenye kesi kwa sababu marehemu ni baba yangu, na hakimu mwingine, ambaye hamjui mtani wala hamtambui, angewafungia wote wanne kabla ya chakula cha mchana. Au ningewaachia huru kwa mdomo wangu, na kumrudisha mtaani mtu ambaye huenda aliwachoma watu wakiwa hai. Nilifikiria dada yake Mrutu. Nilifikiria magoti ya Bibi Kandida kwenye sakafu ya saruji. Kila nilipompa haki mmoja, nilikuwa namnyang'anya mwingine.

Nikamwita Fundi Lutego. "Umebakiwa na ugwe kiasi gani?"

Aliinua chupa juu. Ndani kulikuwa na uzi mmoja, umejikunja chini. "Huu tu, Mheshimiwa. Watu ni wengi mno. Mwingine mpaka upandwe."

"Ukiukata vipande vitano?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mwezini. "Haijawahi kufanyika. Wawili ndiyo tunaowajua. Watano sijui nani atamhisi nani."

"Andika," nikamwambia karani. "Dhamana iko wazi kwa washtakiwa wote wanne. Yeyote atakayejitokeza kuwadhamini, apokelewe." Nikapiga meza. Kisha nikavua joho, nikalikunja vizuri kama mama alivyonifundisha kukunja kanga, nikaliweka kwenye kiti, nikateremka ngazi na kwenda kusimama pale anaposimama mdhamini.

Mrutu alikuja mbio. "Leokadia, huo ni ujanja."

"Ni ujanja halali."

"Ukishuka hapo hurudi tena juu, unalijua hilo? Hakimu akimdhamini mshtakiwa wake, ndiyo basi."

"Nalijua."

"Na mmoja wao akitoroka unafungwa wewe!"

"Basi utaniletea uji."

Bibi Kandida akaangua kicheko. "Huyu Mhehe kapungukiwa mbwa wa kula, akili zimemruka," alisema. Lakini macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Lutego alikata. Vipande vilikuwa vifupi, havikuweza kuzunguka, akavilaza tu juu ya mishipa. Changu kilitambaa mara moja, kikazama.

Kwanza nilisikia baridi. Halafu nilisikia moyo wa mtu, mzito, wa polepole, na papo hapo magoti yangu yakaanza kuuma maumivu ambayo sijawahi kuyajua, maumivu ya miaka ya kubeba matenga. Nikasema, "Shikamoo, Bibi," bila kufikiri. Ukaja moyo wa pili, na jino bovu upande wa kulia. Ukaja wa tatu, na hamu kubwa ya kwenda haja ndogo, pamoja na fedheha ya mwenye hamu hiyo kugundua kwamba sote tunajua. Mdogo wa akina Komba akafunika uso. Kumbe Lutego alikuwa na haki ya kuogopa. Mimi sikuwa nawahisi peke yangu. Kila mmoja alimhisi kila mmoja, na wote walinihisi mimi.

Ukaja wa nne, wa Eginald. Ulikuwa unakwenda mbio kama mnyama aliyefungiwa.

Halafu kikatokea kitu ambacho sina neno lake. Mioyo mitano ilianza kusubiriana. Mmoja ukipiga haraka, mingine inaufuata kidogo, nao unapunguza kidogo, mpaka tukajikuta tunapiga pamoja, kwa mpigo mmoja mkubwa ambao niliusikia mpaka kwenye meno. Misibani na mikutanoni nimesikia watu wakisema "tuko pamoja" tangu nikiwa mtoto. Nilikuwa sijui kumbe linaweza kuwa jambo la kweli. Nilisimama pale mdomo wazi, na nilitamani kupiga magoti, ila sikujua nimpigie nani.

Bibi Kandida akainua uso. "Mtani," alisema taratibu. "Wewe hujamlilia baba yako."

Ni kweli. Nilisimamia msiba, nikapokea wageni, nikajibizana na watani kaburini, nikarudi kazini. Chozi halikutoka. Sasa likatoka, na lilipotoka, wanaume watatu ng'ambo ya ukuta wa mwanga walifuta macho yao kwa pamoja.

Mrutu hakuyajua hayo. Yeye aliona watu watano wanalia bila sababu. "Naomba iandikwe," alimwambia karani kwa hasira, "kwamba upande wa mashtaka umepinga, kwa ajili ya waliokufa ndani ya ghala la soko la chini."

Alipotamka ghala, moyo mmoja kati yetu uliporomoka.

Sina namna nyingine ya kulieleza. Uliporomoka mpaka chini, ukatuvuta wote, na mikononi mwetu ikaja hisia ya kushika kitu kizito na kukipigisha juu ya ubao. Eginald Mbano hakuinua macho. Haikuhitajika. Tulijua wote watano.

Mrutu alinisoma usoni. Akanisogelea, akashusha sauti mpaka ikawa ya kaka wa mtu badala ya mwendesha mashtaka. "Umemjua. Niambie ni yupi. Nitawaachia hawa wengine sasa hivi, naapa. Dada yangu halali, Leokadia. Niambie tu."

Nilitamani kumwambia. Mungu anajua jinsi nilivyotamani. Lakini nilichojua nilikijua kupitia mwili wa mtu aliyenyoosha mkono wake akiamini kifungu kile nilichokuwa nakisifia kila siku. Nikatikisa kichwa. Akina Komba wangeweza kujikomboa kwa kunyoosha kidole. Walitazama majani. Bibi Kandida alianza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na tukawa tunapumua naye.

Dhamana haikuwekwa kwa ajili ya wasio na hatia peke yao. Niliwahi kuyasema maneno hayo kwenye semina na watu wakapiga makofi. Sasa nilikuwa kama nimeshika mkono wa mtu mwenye hatia, nayahisi mapigo yake, na sikutaka kuuachia.

"Ni mimi," Eginald alisema.

Mrutu akageuka.

"Ni mimi niliyegongomea mlango wa ghala. Misumari ilikuwa yangu. Kucha waliniambia tunawafungia walinzi mpaka mizigo itoke, basi. Kisha nikaona wanawasha moto. Nilipiga kelele wafungue mpaka sauti ikaniisha. Niling'oa msumari mmoja kwa mkono." Alinyoosha vidole, kucha mbili hazikuwepo. "Huyu mama amejua tangu muda ule, na hajaniachia. Wote wamejua. Siwezi kukaa nao ndani hivi nikiwa nimenyamaza."

Mrutu alikaa kwenye nyasi, na suti yake, kama mtoto. Aliposimama, hakunitazama.

"Sikio halikukosea," alisema.

"Sikio lilisikia mazishi. Huyu amejitaja mwenyewe."

"Bila Sikio asingekuwa hapa kujitaja."

Mpaka leo sina jibu linalonitosheleza. Nilichoweza ni kumwonyesha uwanja, ule umati kutoka goli hadi goli, unaotutazama. "Na hawa?" nilimuuliza. "Hawa nao utawangoja wajitaje?"

*

Kwa kuwa alikiri, dhamana ya Eginald ilikoma na askari wakamchukua mahabusu. Lutego alikuja na kibano chake kuuondoa ugwe. Nikaficha mkono nyuma.

"Sheria inasema unaondolewa kwa ridhaa ya mdhamini. Mimi sijaridhia."

"Mheshimiwa, utakuwa mahabusu pamoja naye muda wote."

"Mimi si mheshimiwa tena, Lutego. Na nimewapeleka watu huko miaka yote hii. Acha nijue kukoje."

Wale watatu walikataa nao. Bibi Kandida alisema wazi kwamba alichowafanyia Eginald walinzi wale ni kitu cha kutisha, na hakuwa tayari kukisamehe leo wala kesho. Lakini mkono wake hakuutoa.

Twende kwangu tukanywe chai, niliwaambia, na tukaenda. Mchana ulikuwa mkali, ukungu umeondoka milimani. Tulikaa barazani, na baada ya muda kidogo utani ukaanza kurudi kwa aibu. Mkubwa wa akina Komba alisema hatakunywa chai ya Mhehe mpaka aone kama nyumbani kuna mbwa aliyepungua. Mimi nikamwambia jino lake lile linanisumbua tangu asubuhi, aende akaling'oe kabla sijaling'oa mwenyewe kwa nyundo. Tulicheka. Chini ya kicheko ulikuwepo moyo wa tano, mbali, ndani ya chumba kisicho na dirisha, tukausikia unatulia kidogo.

Pigo la kwanza lilinipata ubavuni.

Kikombe kiliniponyoka. Mdogo wa akina Komba alianguka kutoka kwenye kigoda, ameshika ubavu ule ule. Bibi Kandida alitoa mguno, akashika meza. Hakuna aliyeuliza nini. Pigo la pili likatua mgongoni, kitu kirefu na kigumu, na nikatambua kwa hofu kubwa kwamba siku zote nilizokuwa nikitia sahihi watu wapelekwe mahabusu, jambo hili lilikuwa linatokea, mchana kama huu, mimi nikiwa nakula.

Tulisimama kwa pamoja. Bibi Kandida alitembea kwa magoti yale na sisi sote tulitembea nayo, tumeshikana mikono, tukishuka barabara kuu ya Mtitu. Watu walitupisha. Pigo lilipotua, wanne tulijikunja, tukanyooka, tukaendelea. Sikuwa na joho wala hati, na kwa sheria niliyoipenda sana, yote niliyoyahisi hayakuwa ushahidi wa kitu chochote.

Askari wa langoni alikuwa anachezea funguo. Alimwona kikongwe amejishika mbavu, jasho linamtiririka, akastuka kwa huruma ya kweli.

"Mama, nani kawapiga?"

Bibi Kandida alipandisha mkono wa gauni, akamwonyesha mstari mweupe. Nasi watatu tukapandisha ya kwetu.

"Nyie," alisema. "Acheni kutupiga."

Askari alitazama mkono mmoja hadi mwingine. Niliona anavyoelewa, polepole, na rangi inavyomtoka. Akaangusha funguo, akaziokota, akafungua mlango wa ndani na kukimbia kuelekea vyumbani huku akiita majina ya wenzake.

Tulibaki langoni, tumeshikana, tukimsikiliza Eginald akipumua.